Majibu mengi si lazima yawe majibu sahihi

Wafanyabiashara wengi wakiletewa ripoti ya utafiti wa soko huuliza swali moja tu: mmepata majibu mangapi? Wakisikia elfu kumi, roho zinatulia. Mimi ningeuliza kwanza: waliokaa kimya ni akina nani?

Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 kuhusu uchaguzi wa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akazoa majimbo yote isipokuwa mawili, Maine na Vermont. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu aliyehoji watu wachache sana kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa.

Lawama kwa kawaida hutupiwa orodha: majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani watu wenye nafasi. Ni kweli, ila ni nusu ya kisa. Hata miongoni mwa waliopokea karatasi, wafuasi wa Landon walikuwa wepesi zaidi kuzirudisha.

Ndiyo maana dodoso linalosambazwa WhatsApp hunitia shaka. Mara nyingi hulijibu mteja aliyefurahi mno au aliyeudhika. Yule wa katikati, anayenunua sabuni yako kila wiki bila kusema neno, hupita zake. Kumpata huyo ni kazi: kumpigia simu tena, au kurudi mlangoni jioni akishatoka kazini. Watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu na kufuatwa hivyo nitawaamini kuliko wale elfu kumi.