Figo haimaliziki mwezi wa tatu

Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa mama mwenye mimba ya wiki 29 na dalili za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Ameshika mkononi ampuli tatu za jenta (gentamisini, antibiotiki ya sindano): "Daktari, dukani wameniambia miezi mitatu ikishapita mtoto ameshaumbika, kwa hiyo sindano yoyote ni sawa tu."

Moyo, ndiyo, umeshaumbika. Figo bado!

Figo ya kudumu huanza wiki ya 5 tangu mimba kutungwa. Chipukizi la ureta (mrija wa kutoa mkojo kwenye figo) hupenya kwenye tishu changa, hugawanyika panda mbili, kila panda nayo hugawanyika, mara kama 15 hivi, na nefroni, vichujio vidogo vya damu, huundwa kwenye ncha. Nimeitazama kwa hadubini figo ya kijusi cha panya iliyooteshwa maabara: jana kijiti chenye panda moja, leo imetawanya matawi kama marijani. Kwa binadamu ujenzi huo huendelea mpaka wiki ya 34 hadi 36, na zaidi ya nusu ya nefroni hupatikana miezi mitatu ya mwisho. Wastani ni kama milioni moja kwa kila figo, wengine laki mbili tu, na hakuna nyongeza ukubwani.

Jenta hupita kwenye kondo na kujikusanya ndani ya seli za mirija ya figo. Panya wakidungwa wakiwa na mimba, watoto wao huzaliwa na nefroni pungufu.

Je, binadamu? Hapa ushahidi wetu ni mwembamba, nakiri. Panya huendelea kuunda nefroni hata baada ya kuzaliwa, na nefroni za mtoto aliye hai hatuna namna ya kuzihesabu. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, inaweza kuwa nzuri kabisa, kwa sababu zilizobaki hutanuka na kubeba kazi ya zilizokosekana.

Lakini msitupe dawa! Hili linaniuma zaidi. UTI isiyotibiwa hupanda mpaka kwenye figo za mama na huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mtoto akizaliwa wiki ya 29, ujenzi wa nefroni hukoma mapema, kisha wodini tunampa jenta hiyo hiyo. Naiandika mwenyewe, maana sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini) huua kwa saa chache. Tunachoweza ni kuachanisha dozi na kupima kiwango cha dawa kwenye damu.

Mkojo wa yule mama tuliuotesha maabara kutafuta bakteria, nikamwandikia sefaleksini, antibiotiki ya kumeza, ya siku 7. Ampuli aliniachia mezani.