Kihatarishi ni nini, na kwa nini kisichanganywe na glaukoma yenyewe

Katika kliniki za macho za Nakuru na Kisumu, na katika vipindi vya afya redioni kila Machi Wiki ya Glaukoma Duniani inapowadia, kuna kauli mbili ambazo husemwa kwa uhakika mkubwa na ambazo zote hupotosha. Ya kwanza ni kwamba glaukoma, ugonjwa wa neva ya jicho unaoweza kupofusha, husababishwa na umri, ukoo na presha ya macho. Ya pili ni kwamba fulani alipimwa presha ya macho ikawa sawa, kwa hiyo hana glaukoma. Kauli zote mbili hutokana na kuchanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina nafasi yake, yaani ugonjwa, chanzo cha ugonjwa, na kihatarishi cha ugonjwa.

Kihatarishi ni hali ambayo, ikiwa imo katika kundi la watu, wanaougua katika kundi hilo huwa wengi kuliko katika kundi linalolingana nalo lisilo na hali hiyo. Hakitaji nani ataugua, wala peke yake hakithibitishi ugonjwa umetokana na nini. Kushuka mteremko wa Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, usiku kulijulikana kwa miaka mingi kuwa hatari, lakini madereva wengi walishuka wakafika salama, na ajali nyingine zilitokea kwenye barabara tambarare mchana kweupe. Ndiyo maana vihatarishi hutafutwa kwa kufuatilia makundi makubwa kwa muda mrefu. Nakuru yenyewe imewahi kuwa uwanja wa kazi hiyo: mwaka 2007 na 2008 watafiti walichunguza macho ya watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kisha wakawarudia mwaka 2013 na 2014 kuona ni nini kilichobadilika.

Glaukoma ya pembe wazi, aina inayozungumziwa hapa, kwa upande wake ni kufa polepole kwa nyuzi za neva inayopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Haiumi, jicho haliwi jekundu, na kinachopotea kwanza kwa kawaida ni uwezo wa kuona pembeni, hivyo mtu huendelea kusoma na kuhesabu pesa zake bila kushuku lolote. Pembe inayotajwa ni ile iliyo kati ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na sehemu ya jicho yenye rangi, ambako majimaji ya ndani ya jicho hupitia yakitoka. Daktari akiitazama kwa lenzi maalumu huikuta wazi, ingawa kwa wagonjwa wengi tishu inayochuja majimaji hayo haiyapitishi kwa urahisi unaotakiwa.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye presha. Katika mazungumzo ya kila siku, hapa kwetu na kwingineko, presha ya macho imefanywa kuwa jina la ugonjwa, na wako hata wanaodhani ni ileile presha ya damu iliyopanda hadi machoni. Presha ya damu ni jambo jingine na hupimwa kwa namna nyingine. Presha ya ndani ya jicho, ambayo kwa watu wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ndiyo kihatarishi kikubwa kuliko vyote, na hadi leo tiba iliyothibitishwa, iwe ya matone, ya miale ya leza au ya upasuaji, hufanya kazi kwa kuishusha. Pamoja na ukubwa huo, bado si ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuatilia watu wenye presha ya juu, kati ya 24 na 32 katika angalau jicho moja, ambao neva zao zilikuwa bado nzima. Baada ya miaka 5, asilimia 9.5 ya wale ambao hawakupewa dawa walikuwa wamepata glaukoma, na kwa waliotumia matone ilikuwa asilimia 4.4. Takwimu hizo zisomwe kwa pande zote mbili: matone yalipunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na wakati huohuo watu tisa katika kila kumi ambao hawakutibiwa hawakuugua katika muda huo. Kwa upande mwingine, utafiti uliofanywa Baltimore, Marekani, ulionyesha kwamba takribani nusu ya waliokutwa na glaukoma walikuwa na presha iliyo chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha juu walipopimwa mara ya kwanza. Anayeambiwa presha yake iko sawa ameambiwa habari moja tu kuhusu jicho lake.

Hata habari hiyo moja inahitaji uangalifu. Mgonjwa hutiwa tone la ganzi na rangi ya manjano, akaweka kidevu kwenye kifaa, na ncha ndogo yenye mwanga wa buluu ikaigusa konea na kuibonyeza kidogo. Nguvu iliyohitajika ndiyo husomwa kuwa presha. Konea nyembamba hubonyea kwa urahisi, hivyo kifaa husoma presha ndogo kuliko iliyopo. Juu ya hayo, utafiti uleule wa mwaka 2002 ulikuta wembamba wa konea ni kihatarishi wenyewe, kwani wenye konea nyembamba zaidi walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu wa kupata glaukoma kuliko wenye konea nene. Mtu wa namna hiyo anaweza kuondoka kliniki na nambari inayomtuliza ilhali yumo katika kundi linalopaswa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Ukoo nao hueleweka vibaya kwa namna mbili. Mwenye mama aliyepofuka kwa glaukoma huona kwamba yake imekwisha andikwa, na asiye na kipofu nyumbani kwao huona kwamba yuko salama. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, ulikadiria kwamba hatari ya maisha yote kwa ndugu na watoto wa wagonjwa ni takribani watu 22 katika kila 100, ikilinganishwa na wawili hivi kwa jamaa za wasio na ugonjwa huo. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatosha kabisa kumfanya mgonjwa awapigie simu kaka na dada zake waende kupimwa, lakini waliobaki, yaani 78, ni wengi kuliko walioumwa. Kuhusu asili, watu wenye asili ya Kiafrika hupata ugonjwa huu zaidi, na wengi wao mapema, ndiyo sababu kwetu uchunguzi hushauriwa tangu miaka 40. Rangi ya ngozi, hata hivyo, haili neva ya mtu yeyote. Umri kuongezeka na kutoona mbali kwa kiwango kikubwa vimo pia katika orodha ya vihatarishi.

Kuna kihatarishi kimoja ambacho kinakaribia kuwa chanzo hasa, nacho ni dawa za steroidi, zinazotumiwa kutuliza uvimbe na muwasho. Mtoto ambaye macho humwasha kila vumbi linapotimka hununuliwa dukani kichupa cha matone ya deksamethasoni, mojawapo ya dawa hizo, macho yakatulia kwa siku chache, kichupa kikawekwa dirishani na kutumiwa tena kila muwasho unaporudi, bila daktari kuyatazama macho yake hata mara moja. Kwa baadhi ya watu, matone hayo yakitumiwa kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho, na presha hiyo ikidumu huharibu neva. Hapo neno kusababisha lina haki yake, na madaktari huiweka glaukoma hiyo katika fungu la zile zenye chanzo kinachojulikana.

Kwa hiyo watangazaji na wahudumu wanaotuelimisha wangetusaidia sana wakisema kwamba umri, ukoo na presha ya macho huongeza uwezekano wa kupata glaukoma. Naye anayerudi kutoka kliniki akifurahia kwamba presha yake iko sawa aulizwe kwa upole kama neva ya jicho nayo ilitazamwa.