Kesho yake baada ya kushindwa: kura za ndoa California na Maine

Tarehe 4 Novemba 2008 wapiga kura wa California walimpa Barack Obama asilimia 61 ya kura zao. Katika uchaguzi huohuo wakapitisha Pendekezo la 8, lililoandika katika katiba ya jimbo kwamba ndoa inayotambuliwa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Lilipata asilimia 52. Mwezi Mei mwaka huo Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeruhusu ndoa za jinsia moja, na hadi siku ya kura ndoa zipatazo 18,000 zilikuwa zimeshafungwa. Waliokuwa wakisherehekea Obama walilala wakilia, maana wengi wao walikuwa walewale waliolipinga pendekezo hilo.

Mimi huchambua kura za maoni, na kinachonivutia zaidi ni kile anachofanya aliyeshindwa kesho yake. Mkenya anayekumbuka Novemba 2005, rasimu ya katiba ilipoangushwa na kambi ya Chungwa, halafu Agosti 2010 katiba nyingine ikapita, anajua kwamba kati ya kura mbili kuna miaka ya kazi ambayo kamera haziionyeshi. Kwa hiyo hata wewe usiyeziunga mkono ndoa hizi, vumilia usome. Mbinu haina dini wala chama.

California ilianza kwa kutafuta mchawi. Kura ya wanaotoka vituoni ilisema asilimia 70 ya wapiga kura Weusi waliunga mkono marufuku, na ndani ya siku chache Weusi wakatwikwa mzigo wote. Baadaye wachambuzi Patrick Egan na Kenneth Sherrill walipitia takwimu na kukuta kiwango hicho kiko chini ya asilimia 60, na kwamba kilichoamua zaidi ni umri, chama, itikadi na mara ngapi mtu huenda ibadani. Lakini lawama hukimbia kuliko utafiti, na jeraha lile kati ya makundi yaliyopaswa kushirikiana lilichukua muda kupona.

Sababu yenyewe ilikuwa kwenye televisheni. Kambi ya Ndiyo, iliyotaka marufuku, ilirusha tangazo la msichana mdogo anayerudi nyumbani na kitabu, anamwambia mama yake kwamba shuleni amejifunza mwana wa mfalme anaweza kumwoa mwana wa mfalme, na yeye binti anaweza kuolewa na binti mfalme. Mama anashtuka. Kambi ya Hapana ilichelewa kujibu, na ilipojibu ilimleta mkuu wa elimu wa jimbo kusema kwamba pendekezo halihusiani na shule. Ilikuwa kweli kisheria, na haikumfikia mtu. Mzazi aliyeingiwa na hofu hatulizwi na afisa wa serikali. Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba katika matangazo makuu ya kambi ile, wapenzi wa jinsia moja wenyewe, ambao ndoa zao ndizo zilizokuwa zikipigiwa kura, hawakuonekana kabisa au walionekana kwa nadra. Washauri waliona ni salama zaidi kusema "haki" na "usawa" bila kuonyesha sura ya mtu.

Mwaka 2010 Dave Fleischer, mratibu mkongwe wa kampeni, alitoa ripoti ndefu juu ya kushindwa huko. Alionyesha kwamba walioihama kambi ya Hapana katika wiki za mwisho wengi walikuwa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18 nyumbani. Alisema pia kitu ambacho wenzake hawakupenda kukisikia. Karatasi ya kura ilikuwa ya kuchanganya, kwa sababu aliyetaka ndoa ziendelee alipaswa kupiga Hapana, na wengi walikosea. Kila mtu aliamini makosa hayo ndiyo yaliyowaangusha. Hesabu zake zilionyesha kinyume: makosa yaliwasaidia, na watu wote wangepiga walichokusudia, kambi ya Hapana ingeshindwa kwa tofauti kubwa zaidi. Ripoti ya namna hiyo, inayomwambia aliyeshindwa kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani, ni adimu sana katika siasa za popote.

Wakati huo Maine nayo ilikuwa imeshaangukia shimo lilelile. Gavana John Baldacci alitia saini sheria ya kuruhusu ndoa za jinsia moja tarehe 6 Mei 2009. Wapinzani wakakusanya saini za kuirudisha kwa wananchi kabla haijaanza kutumika, na Novemba ikafutwa kwa asilimia 53 dhidi ya 47. Mtaalamu aliyeendesha kampeni ya kuipinga alikuwa Frank Schubert, yuleyule wa Pendekezo la 8, na hoja ya shule ilikuwa ileile.

Watu wa Maine walifanya nini? Hawakukimbilia kura nyingine mwaka uliofuata. Walirudi milangoni. Kundi la EqualityMaine lilituma watu wa kujitolea kwa waliopiga kura ya kufuta, wakiwa na amri moja ngumu: sikiliza kwanza. Wakagundua jambo ambalo utafiti wa kitaifa nao ulikuwa ukilionyesha. Mpiga kura wa katikati akiulizwa kwa nini yeye alioa au aliolewa, hujibu upendo, ahadi, familia. Akiulizwa kwa nini mashoga wanataka kuoana, hujibu bima, kodi, urithi, haki. Na nani alimfundisha hivyo? Kampeni zenyewe, kwa miaka mingi ya kuzungumzia orodha ya stahili za kisheria! Aliona kwamba hawa wanataka kitu tofauti na chake, na hapo mlango ukafungwa.

Kwa hiyo lugha ikabadilika. Mwaka 2012 waliwasilisha saini zaidi ya 100,000, wakati sheria ilidai pungufu ya 60,000, na kwa mara ya kwanza Marekani waungaji mkono ndio walioipeleka ndoa ya jinsia moja kwa wananchi badala ya kungoja wapinzani waipeleke. Waliuchagua mwaka wa uchaguzi wa rais makusudi, kwa kuwa vijana hujitokeza. Matangazo yaliwaonyesha wazazi, wazima moto, mkongwe wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa na familia yake. Sheria ilitamka wazi kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoitaka. Tarehe 6 Novemba 2012 walishinda kwa takriban asilimia 53 dhidi ya 47, takwimu za 2009 zikiwa zimegeuzwa kichwa chini. Siku hiyohiyo Maryland na Washington nazo zilipitisha, na Minnesota ikakataa kuingiza marufuku katika katiba yake.

Kule Los Angeles, Fleischer na wenzake walikuwa wakiendeleza mazungumzo ya mlangoni kwa namna ya pekee. Mgeni anabisha hodi, anauliza: kutoka sifuri hadi kumi, unaunga mkono kiasi gani? Ukisema tatu, habishani nawe. Anataka kujua kwa nini umechagua tatu. Anauliza kuhusu ndoa yako, kuhusu ndugu au jirani unayemfahamu aliye shoga au msagaji, kisha anasimulia yake mwenyewe. Mwishoni anarudia swali la namba.

Je, inafanya kazi? Desemba 2014 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosema ndiyo, na kwamba badiliko linadumu. Dunia nzima ikashangilia. Mei 2015 watafiti vijana David Broockman na Joshua Kalla, pamoja na Peter Aronow, wakaonyesha kwamba takwimu zile hazikuaminika hata kidogo, na jarida likauondoa utafiti huo. Wengi wangeliacha jambo hapo kwa aibu. Broockman na Kalla hawakuacha: walikuwa wanafanya jaribio lao Miami, juu ya sheria ya kuwalinda watu waliobadili jinsia, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo ya wapiga kura 501. Mazungumzo ya takriban dakika kumi yalipunguza chuki, na miezi mitatu baadaye athari ilikuwa bado inapimika. Waliofichua uongo ndio waliothibitisha mbinu. Kwangu mimi hiyo ni hadithi tamu kuliko ushindi wowote wa kura, ingawa nakiri ni ladha ya mchambuzi.

California yenyewe haikurudi kwenye sanduku wakati huo. Walibishana kama wajaribu 2010 au 2012, na kesi ikawatangulia. Mawakili Ted Olson na David Boies, waliopambana mahakamani mwaka 2000 juu ya kura za Bush na Gore, walifungua shauri pamoja, huku mashirika makubwa ya haki yakiogopa kwamba wanaharakisha. Jaji Vaughn Walker alilibatilisha Pendekezo la 8 tarehe 4 Agosti 2010. (Siku hiyohiyo Wakenya walikuwa kwenye foleni wakipitisha katiba yenye ibara ya 45, inayompa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti.) Tarehe 26 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema waliokata rufaa kulitetea pendekezo hilo hawakuwa na haki ya kuileta mbele yake, na ndoa zikaanza tena.

Lakini maneno ya Pendekezo la 8 yalibaki katika katiba, bila nguvu. Maine haikuwa na shida hiyo, kwa sababu kilichofutwa 2009 kilikuwa sheria ya kawaida. Mwaka 2022, Mahakama ya Juu ilipoondoa haki ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba hukumu ya 2015 iliyoruhusu ndoa hizi nchi nzima nayo itazamwe upya. Ghafla maneno mfu yakawa tishio, maana hukumu hiyo ikianguka yanaweza kuamka. Nevada ilikuwa imeshayafuta yake kwa kura mwaka 2020. Novemba 2024 California, Colorado na Hawaii zikafuata, California kwa takriban asilimia 63, safari hii bila upinzani wa mamilioni ya dola kwenye televisheni. Majimbo mengine mengi bado yana marufuku ya aina hiyo katika katiba zao.