CAR yako haijafa, imekosa mkono tu

"Jeni tumeagiza, protini imetoka safi, lakini kimeng'enya kimekufa." Maneno haya huniletea karibu kila anayeanza kutumia redaktesi za asidi kaboksili, yaani CAR, zile zinazogeuza asidi kuwa aldehaidi. Huja na picha ya jeli inayopanga protini kwa ukubwa: mstari mnene kwenye kilodaltoni 128 hivi. Kisha huniomba nikague mfuatano wa jeni kama una kosa. Huwa hauna.

Dhana: protini ikishayeyuka na kusafishwa, iko tayari.

Haiko. CAR hutoka kwenye ribosomu ikiwa haijakamilika. Sehemu yake ya kwanza huiamilisha asidi, yaani huiunganisha na AMP itokayo kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Sehemu ya mwisho hutumia NADPH, molekuli inayotoa elektroni, kuachia aldehaidi. Katikati kuna kijisehemu chenye serini (asidi amino) moja, na serini hiyo sharti ipachikwe mkono wa fosfopantetheini unaokatwa kutoka koenzaimu A. Salfa iliyo kwenye ncha ya mkono ndiyo hupokea asidi, ikawa thioesta, na kuivusha hadi kwenye NADPH. Bila mkono, asidi huamilishwa ikakwama palepale.

Anayepachika mkono ni kimeng'enya kingine, fosfopantetheini transferasi. E. coli, bakteria tunayemtumia kutengeneza protini hii, anazo zake, ila CAR huzipa kazi zisiyoizoea, kwa hiyo unavuna mchanganyiko: molekuli chache zilizokamilika na nyingi zilizo tupu. Wala si siri. Kundi la Rosazza, Chuo Kikuu cha Iowa, lilitangaza jeni ya CAR ya bakteria Nocardia mwaka 2004, na protini iliyotengenezwa ndani ya E. coli ilikuwa dhaifu. Mwaka 2007 kundi hilohilo likaeleza sababu, likaonyesha pia kwamba ukiiweka transferasi ndani ya seli ileile nguvu inapanda. Tangu hapo jambo hili limeandikwa tena na tena, na bado watu wanaagiza jeni moja badala ya mbili!

Jeli haiwezi kukusaidia. Mkono una daltoni 340 hivi; juu ya protini ya daltoni 128,000 hutauona. Kinachopoteza watu zaidi ni majaribio yanayopima uamilishaji wa asidi peke yake. Sehemu ya kwanza hufanya kazi vizuri tu hata mkono usipokuwepo, basi jaribio linatoa jibu zuri, na mtu anahitimisha kwamba NADPH yake imeharibika. Ananunua nyingine. Matokeo ni yaleyale.

Pima mzunguko mzima: weka asidi ya benzoiki, ambayo CAR nyingi huipokea bila shida, ongeza ATP, magnesi na NADPH, halafu fuatilia NADPH ikipungua kwa mwanga wa nanomita 340. Transferasi ninayoipendekeza ni Sfp ya Bacillus subtilis, kwa sababu haichagui sana. Mimi huiweka kwenye plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni) ileile ya CAR. Wapo wanaopenda plasmidi mbili. Mimi nimechoka na watu wanaosahau antibiotiki ya pili, ile ya kuitunza plasmidi ya pili. Na kama umeshasafisha protini tupu, usiimwage. Iache pamoja na Sfp, koenzaimu A na magnesi, kisha pima upya.

Dhana: CAR hupitiliza hadi alkoholi.

Mara nyingi unayemlaumu siye. E. coli ana vimeng'enya kadhaa vinavyorukia aldehaidi yoyote na kuigeuza alkoholi. Mwaka 2014 Kunjapur na Prather, pamoja na wenzao, walifuta baadhi ya jeni hizo, na vanilini, ambayo ni aldehaidi, ikaanza kubaki ndani ya mchuzi wa kukuzia seli badala ya kupotea. CAR yenyewe ina aspateti, asidi amino inayoizuia isiendelee baada ya aldehaidi. Kwa hiyo badilisha bakteria kabla hujabadilisha kimeng'enya.

Dhana: CAR ni aldehaidi dehaidrojenesi, kimeng'enya cha kugeuza aldehaidi kuwa asidi, inayorudi kinyumenyume, ATP ni ya kuongeza kasi.

Hesabu inakataa. Kuishusha asidi hadi aldehaidi kunahitaji msukumo wa elektroni wa volti hasi 0.6 hivi, NADPH ina hasi 0.32. ATP ndiyo inayolipa tofauti. Na inalipa sana, maana kinachobaki ni AMP, si ADP. Mfumo wako wa kurudisha ATP ukijua kuanzia ADP tu, utasimama mapema. Tafuta kinasi za polifosfeti, vimeng'enya vya kurudisha ATP, zinazoanzia AMP. Ongeza pia pairofosfatesi, kimeng'enya kinachovunja pairofosfeti, kwa kuwa pairofosfeti inayotoka kwenye ATP huikaba CAR yenyewe. Hii ni chupa moja ndogo, lakini ndiyo wengi hunibishia kwa kuwa haimo kwenye itifaki waliyonakili.

Vipo kweli vimeng'enya vinavyoshusha asidi bila ATP: vile vyenye tangsteni, kama vya kijidudu Pyrococcus furiosus, ambavyo hupata elektroni kutoka feredoksini, protini inayobeba elektroni, badala ya NADPH. Oksijeni huviharibu. Ukivitaka, andaa kwanza chemba isiyo na hewa, ndipo tuzungumze.