Je, wajua ni kwa nini hamira inaweza kutengeneza harufu ya msandali?

Baadhi ya viambato vya harufu ya mimea vinavyouzwa leo kwa watengenezaji wa manukato havijawahi kupita ndani ya mmea wowote. Vimetengenezwa na hamira, Saccharomyces cerevisiae, kiumbe kile kile kinachoumua unga wa maandazi, kikiwa ndani ya matangi ya chuma na kulishwa sukari ya miwa. Mfano unaojulikana sana ni Clearwood, kiambato chenye harufu ya pachuli (mmea wa manukato) kilichoingizwa sokoni mwaka 2014 na kampuni ya Firmenich ya Uswisi kwa kushirikiana na Amyris ya California. Santaloli, yaani molekuli zinazoupa msandali harufu yake, nazo zimeshatengenezwa kwa njia hiyo. Hamira haina ua, jani wala ubao, imewezaje?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba wanasayansi waliichukua “jeni ya harufu” kutoka kwenye mti na kuipandikiza katika hamira, nayo hamira ikaanza kunukia. Jibu hilo linafaa kuchambuliwa kwa utulivu, kwa sababu linapotosha katika mambo matatu. Kwanza, hakuna jeni inayonukia. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, na protini inayohusika hapa, hata ikisafishwa na kujazwa kwenye chupa, haina harufu yoyote ya msandali. Ni kimeng’enya, yaani protini inayoendesha badiliko la kikemia, na kimeng’enya kisichopewa malighafi yake hakitoi kitu. Jeni hiyo hiyo ikiwekwa katika seli isiyo na malighafi inayotakiwa, seli itatumia nguvu zake kutengeneza protini isiyo na kazi.

Pili, jibu hilo linaichukulia hamira kama kiumbe kisicho na harufu mpaka kiazimwe na mti. Ukweli ni kwamba hamira ya kawaida, isiyoguswa na mtaalamu yeyote, hutengeneza isoamili asetati, ambayo ni harufu ya ndizi mbivu, pamoja na fenilethanoli, mojawapo ya harufu kuu za waridi. Mwaka 2014 watafiti wa Leuven nchini Ubelgiji walionyesha kwamba jeni ya hamira iitwayo ATF1, inayohusika na harufu za namna ya matunda, huwavutia nzi wa matunda, nao nzi huisambaza hamira kutoka mahali hadi mahali. Kwa maneno mengine, hamira ilikuwa ikijihusisha na biashara ya manukato zamani sana kabla ya kampuni yoyote.

Tatu, watu hudhani kwamba chupa ya manukato ya aina hiyo ina hamira iliyobadilishwa jeni. Hamira hubaki kiwandani. Kinachouzwa ni mafuta yaliyotenganishwa na kusafishwa, na molekuli ya alfa-santaloli iliyotoka tangini ina atomi zile zile, katika mpangilio ule ule, kama iliyotoka kwenye mti.

Sababu yenyewe haivutii kwa haraka, lakini ndiyo ya ajabu zaidi: hamira na msandali tayari walikuwa wakitumia njia moja ya kikemia, kila mmoja kwa haja zake. Seli ya hamira huhitaji ergosteroli ili kuimarisha utando wake, kama sisi tunavyohitaji kolesteroli. Ili kuipata, huanza na vipande vidogo vinavyotokana na sukari, huviunganisha kupitia hatua za mevalonati, na njiani hufikia molekuli ndefu yenye kaboni 15 iitwayo farnesili pirofosfeti. Miili yetu pia hupita njia hiyo. Dawa za jamii ya statini, wanazopewa wagonjwa wenye kolesteroli nyingi, huzuia hatua yake mojawapo. Hamira huunganisha molekuli mbili za farnesili na kuendelea kuelekea kwenye ergosteroli. Msandali huichukua moja moja na kuikunja.

Kuikunja huko ndiko kunakozaa harufu. Mfikirie mtoto anayetengeneza gari la kuchezea kwa waya. Kipande kile kile cha waya, bila kuongezwa wala kukatwa, kinaweza kukunjwa kuwa gurudumu, usukani au mlango. Urefu haubadiliki, umbo ndilo hubadilika, na umbo ndilo linaloamua kitu hicho kitatumikaje. Farnesili ni huo waya. Kimeng’enya cha msandali kina uwazi wenye umbo maalumu ambamo waya huingia na kujipinda kwa namna moja. Kimeng’enya cha pachuli kina uwazi wa umbo jingine. Cha pakanga, mmea wa dawa ya malaria, jingine tena. Mfano huu una kikomo chake, kwa kuwa vidole vya mtoto hulazimisha waya, ilhali kimeng’enya hung’oa tu kipande cha fosfeti kilicho mwishoni mwa farnesili, na molekuli iliyobaki, ikiwa na chaji isiyovumilika, hujifunga yenyewe kwa haraka. Kazi ya kimeng’enya ni kuishikilia katika mkao unaofaa na kuyazuia maji yasiiguse kabla ya wakati.

Kazi hiyo haifanyiki kwa usahihi kamili. Kimeng’enya cha msandali hutoa aina tatu za santaleni, yaani molekuli zinazotangulia santaloli, pamoja na nyingine iitwayo bergamoteni, zote kwa mkupuo mmoja, na cha pachuli hutoa zaidi ya molekuli kumi tofauti. Mhandisi angeona kasoro. Mtengenezaji wa manukato huona neema, kwa sababu mchanganyiko huo ndio unaoipa harufu kina chake, na hamira huurithi pamoja na jeni.

Santaleni bado si santaloli. Inahitaji kimeng’enya cha pili, cha familia ya P450, kiipachike oksijeni. Vimeng’enya hivi vya mimea hujishikiza kwenye utando wa ndani ya seli na huhitaji protini mshirika ya kuvipa elektroni. Hamira ina utando wa namna hiyo. Bakteria hawana, na hiyo ni sababu mojawapo ya hamira kupendelewa, ingawa bakteria pia hutumika kwa harufu nyingine. Kinachobaki ni kuongeza farnesili na kupunguza ile inayokwenda kwenye ergosteroli. Haiwezekani kuifunga kabisa njia hiyo, kwa sababu seli itakufa, kwa hiyo jeni ya ERG9, inayohusika na kuunganisha farnesili mbili, hufungiwa swichi inayoweza kupunguzwa nguvu, kwa mfano kwa kuongeza methionini tangini.

Je, hamira itaiokoa misandali? Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, hung’olewa na mizizi yake kwa sababu mizizi nayo ina mafuta. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Madai kwamba tangi litaondoa shinikizo hilo hutolewa zaidi na wenye matangi, na mfano wa karibu unashauri tahadhari. Timu ya Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliifanya hamira itengeneze asidi ya artemisini, malighafi ya dawa ya malaria iitwayo artemisini, inayotokana na farnesili ile ile, mwaka 2006, na kufikia mwaka 2013 kiwango kilikuwa gramu 25 kwa lita. Kampuni ya dawa ya Sanofi ilijenga uzalishaji wa artemisini juu ya kazi hiyo huko Garessio, Italia. Hata hivyo, artemisini ya pakanga, zao linalolimwa pia Kenya na Tanzania, iliuzwa kwa chini ya dola 250 kwa kilo, wakati Sanofi ilihitaji dola 350 hadi 400 bila faida. Mwaka 2015 kiwanda hakikuzalisha artemisini yoyote ya hamira, na mwaka 2016 kikauzwa.

Tofauti ni kwamba pakanga huvunwa ndani ya miezi michache, wakati msandali huchukua zaidi ya miaka kumi kujenga moyo wa mti wenye mafuta ya kutosha, na hukua vyema tu ukiwa umenyonya mizizi ya miti jirani. Tangi la hamira humaliza kazi yake kwa siku kadhaa, na hapo hesabu ya bei inaweza kuwa nyingine.