Wakili, hebu nitupie jicho hapa

Saa nne usiku picha ya ukurasa mmoja wa mkataba wa kiwanja inaingia kwenye simu ya wakili: "Shemeji, nitupie jicho hapo, kesho asubuhi nalipa." Naye, usingizi umemkaba, anajibu: "Uko sawa, lipa."

Dhana: sikuchukua hata senti, kwa hiyo sidaiwi.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kukosekana kwa malipo huweza kuondoa mkataba, lakini hakuondoi dai la uzembe. Mwaka 1963, katika kesi ya Hedley Byrne dhidi ya Heller, kampuni ya matangazo ya Uingereza ilikuwa imeulizia benki kama mteja wake anaaminika. Benki ikajibu bure kwamba kwa biashara za kawaida yuko vizuri. Mteja akafilisika, zaidi ya pauni 17,000 zikapotea. Majaji wakaweka msingi: mtaalamu anayejua kwamba ushauri wake utategemewa ana wajibu wa kuwa makini, kalipwa au hakulipwa. Kenya na Tanzania zimerithi mfumo huo wa sheria, na mahakama zake huirejea kesi hiyo.

Mwaka 2017 ikaja kesi ya msanifu majengo wa London aliyewasaidia marafiki mradi wa bustani bila malipo. Mahakama ya Rufani ilisema mkataba haukuwepo ila wajibu ulikuwepo. Mwaka uliofuata alishinda, kwani uzembe haukuthibitika, lakini urafiki ulishahamia mahakamani.

Dhana: basi hata neno la harusini litanifunga.

Hapana. Majaji wa 1963 walitofautisha maongezi ya barazani na jibu la kitaalamu. Swali la shemeji si maongezi: ametaja mkataba, ametaja saa ya kulipa.

Dhana: nikiandika "huu si ushauri wa kisheria", nimejikinga.

Kweli, benki ile iliokolewa na maneno kama hayo kwenye barua yake. Ila mwaka 1989 mthamini wa nyumba Uingereza aliyejificha nyuma ya kanusho lake, yaani maneno ya kujivua lawama, alishindwa, maana sheria yao ya 1977 ilidai kanusho liwe la haki. Aliona kwamba sehemu ya chini ya dohani imeondolewa, ila hakukagua kama iliyobaki juu ina kitu cha kuishikilia. Miezi 18 baadaye matofali yaliporomoka ndani. Na mimi siamini kanusho linaloishia na neno "lipa".

Jibu la saa nne usiku lingekuwa hivi: "Shemeji, usilipe kwanza. Ukurasa mmoja hautoshi. Kesho niletee mkataba wote na namba ya hati, tukafanye upekuzi wa umiliki ofisi ya Ardhi."