Si mwili unaozoea dawa

Hapa Kisumu, simama jioni kwenye duka la dawa pale Kondele, hukosi kumsikia mtu: "Nipe ile kali, hii mwili wangu umeizoea." Kauli ya miaka mingi, na inaeleweka, ila lawama imeangukia asiyehusika. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria, na bakteria hao wakimwingia jirani ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja, dawa itagoma kwake vilevile.

Tena kuna ukaidi mwingine usiohitaji hata mabadiliko ya jeni. Tia kidole ndani ya mtungi wa lita 20 uliokaa wiki mbili bila kusuguliwa. Ule utelezi ni bakteria walioshikamana ukutani na kujifunika ute waliojitengenezea wenyewe. Suuza kwa maji uone kama utatoka! Utando wa namna hiyo huota kwenye meno, kwenye mipira ya mkojo, kwenye vidonda vya muda mrefu. Ute huchelewesha baadhi ya dawa, lakini jambo kubwa liko chini kabisa: huko chakula na oksijeni ni haba, bakteria wamelala, na antibiotiki nyingi huua wanaokua na kugawanyika. Wakiwa humo huweza kustahimili dawa mara mia, pengine hata elfu, ya ile inayowaua wakielea peke yao.

Ndiyo maana mara nyingi daktari huutoa mpira wenyewe badala ya kuongeza dozi tu. Na ukoga wa meno? Huo hukwanguliwa.